FEDHA YA KUSAIDIA HAKI IPO: KIKUNDI CHENU KITAIPATAJE?

Ndugu msomaji, tenga la nyanya likitoka shambani kwako jioni, alfajiri huenda limeshafika Kariakoo, Dar es Salaam. Kina mama wanalifungua, wanazipanga nyanya mafungu, wanaziuza. Kijana wa jirani yako aliyekwenda mjini kutafuta maisha naye huenda yuko hukohuko. Amejitwika soksi na vyombo vya plastiki, anaita wateja. Kwa hiyo usishangae gazeti la vijijini likiandika habari za Kariakoo. Watu wa Kariakoo ni watu wetu.

Watu hao wanapata riziki, lakini wanapata na matatizo. Mama mmoja anadaiwa ushuru mara mbili kwa siku moja. Mwingine anatukanwa matusi ya nguoni na mteja asiyetaka kulipa. Kijana ananyang'anywa bidhaa zake bila kupewa karatasi yoyote. Mjane anarudi kutoka matangani, anakuta mashemeji wamebadilisha kufuli la chumba. Nani atawaambia haki yao ni ipi? Wakili anataka fedha. Mahakama wengi wanaiogopa. Hata kijijini kwako matatizo ya namna hii yapo, ila sura yake ni nyingine: mpaka wa shamba, mirathi, mke aliyefukuzwa na watoto wake.

Mwezi huu tuzungumze juu ya watu wanaosaidia katika mambo hayo bila malipo. Tena tuzungumze juu ya fedha inayowawezesha kufanya kazi hiyo. Inatoka wapi? Inaombwa namna gani? Kwa nini vikundi vingine huipata na vingine huikosa? Kikundi cha kijijini kwako nacho kinaweza kuiomba.

MSAIDIZI WA KISHERIA NI NANI?

Msaidizi wa kisheria si wakili, wala si hakimu. Ni mwananchi wa kawaida aliyepewa mafunzo ya sheria zinazomgusa mwananchi mwenzake: ndoa, mirathi, ardhi, watoto, kazi, madai ya fedha. Anakusikiliza. Anakueleza sheria inasema nini. Anakusaidia kuandika barua au kujaza fomu. Kama jambo linapatanika, anawapatanisha. Kama halipatanishiki, anakuelekeza pa kwenda.

Yako mambo asiyoruhusiwa kufanya. Hawezi kusimama mahakamani kukutetea kama anavyofanya wakili. Wala hawezi kukudai malipo. Mambo haya yamewekwa katika Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017. Mtu akikuambia, "Mimi ni msaidizi wa kisheria, nipe elfu ishirini nikufungulie jalada," huyo si msaidizi.

Je, kuelekezwa tu kuna faida gani? Faida ni kubwa. Watu wengi hushindwa si kwa sababu hawana haki, bali kwa sababu wamegonga mlango usio wao. Chukua mfano wa talaka. Kwa kawaida Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Mtu asiyejua hayo anakwenda moja kwa moja mahakamani, anarudishwa. Anapanda basi tena, anapoteza siku nyingine. Au chukua mgogoro wa shamba. Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua shamba ni la nani. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, na sasa kazi ya baraza hilo katika ardhi ni kusuluhisha tu. Mwananchi asiyeambiwa anaendelea kusubiri hukumu isiyokuja.

Tena yako mambo ambayo mahakama iliyaamua zamani lakini wengi hawajayasikia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilisema kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, nazo zihesabiwe kuwa mchango wake katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Imepita miaka zaidi ya 40. Hata hivyo wako wanawake wanaofukuzwa mikono mitupu na kuambiwa, "Wewe ulileta nini hapa?" Jibu lipo. Anatakiwa mtu wa kuwaambia.

WANAWAKE WA MASOKONI

Kariakoo ni jina la zamani. Lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokaa hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji walilitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Jengo kubwa la soko lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua moto, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali. Lakini Kariakoo haikufa. Biashara imeenea mitaa yote, na pembeni yake yako masoko mengine ya Ilala, kama Mchikichini, panapouzwa nguo za mitumba.

Katika masoko ya namna hiyo wanawake ni wengi sana. Wengi wao walikuwa wakifanya biashara katikati ya matusi, kushikwashikwa mwili na kudhulumiwa. Watu wakayaona mambo hayo kuwa ni desturi ya soko. "Sokoni ndivyo kulivyo," walisema. Lakini tufikiri kidogo. Mama anayetukanwa kila siku hufunga biashara mapema. Nyanya zake zinaoza. Jioni watoto wanakula nini? Kwa hiyo matusi si maneno matupu. Matusi yanakula mtaji.

Mwaka 2008 lilianzishwa Dar es Salaam shirika liitwalo Equality for Growth. Kwa kifupi huitwa EfG. Shirika hili liliamua kufanya kazi na wanawake wa masokoni. Halikuleta mawakili wakae sokoni. Liliwafundisha sheria wafanyabiashara wenyewe, wakawa wasaidizi wa kisheria wa wenzao. Muuza mboga akipata tatizo haendi mbali. Anakwenda meza ya tatu, kwa mwenzake anayeuza vitunguu, wanazungumza huku biashara inaendelea. Sisi tunaona hapo ndipo penye akili ya kazi hii. Mama anayeogopa ofisi haogopi meza ya mwenzake.

Baadaye shirika hilo likaendesha kampeni katika masoko ya Ilala na Temeke. Jina lake lilikuwa "Mpe Riziki, Si Matusi". Viongozi wa masoko walishirikishwa, na wanaume pia. Ukawekwa utaratibu wa masoko unaokataza ukatili kwa wanawake, na wasaidizi wa kisheria wakawa wanapokea malalamiko. Neno lililokuwa la mzaha likawa kosa.

Kazi hiyo ilihitaji fedha. Mafunzo yanahitaji mwalimu, chumba, karatasi na chakula cha mchana. Mabango yanahitaji rangi. Msaidizi anayemsindikiza mwenzake polisi au hospitali anahitaji nauli. EfG haikuwa na mgodi wa dhahabu. Iliomba. Fedha ya kampeni hiyo ilitoka UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mambo ya wanawake.

RUZUKU SI MKOPO

Kabla hatujaendelea, tutofautishe maneno mawili, maana wengi huyachanganya na baadaye hugombana na benki.

Mkopo ni fedha ya kurudisha. Ruzuku ni fedha usiyorudisha, lakini ina masharti. Umeiomba kwa kazi fulani, lazima uitumie kwa kazi hiyo, na lazima ueleze umeitumiaje. Ukiitumia kwa kazi nyingine, unaweza kudaiwa uirudishe, hata ukaitwa mwizi.

Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi. Sehemu 4 ni za wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa. Ulianza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na katika halmashauri 10 za majaribio, Jiji la Dar es Salaam likiwamo, ilipangwa fedha zipitie benki. Fedha hizo hazina riba, lakini ni mkopo. Zinafaa kufuga kuku, kushona nguo, kufungua genge. Msikope fedha hizo kwa kazi ya kutoa msaada wa kisheria. Kazi hiyo haizai faida. Mtalipa kwa kitu gani?

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000. Katika awamu mbili za kwanza wananchi walikaa kwenye mikutano, wakachagua wenyewe wanataka darasa, zahanati au kisima, wakachangia nguvu zao. Awamu ya tatu, iliyoanza mwaka 2012/13, ilielekezwa zaidi kwenye kaya maskini. Kaya zilipewa fedha, na wenye watoto wakatakiwa kuwapeleka shuleni na kliniki. Hiyo ilikuwa ruzuku, lakini ilikwenda kwa kaya, si kwa kikundi.

Kwa kazi ya msaada wa kisheria, mlango uliojulikana zaidi ni wa Legal Services Facility, kwa kifupi LSF. Ulianzishwa mwaka 2011 kwa fedha za Denmark, na baadaye nchi nyingine zikachangia. LSF haikai ikisikiliza kesi. Kazi yake ni kugawa ruzuku kwa mashirika ya wasaidizi wa kisheria, Bara na Zanzibar, mpaka wilayani. Iliweka na mashirika walezi mikoani ili kuwaongoza wadogo. Maana yake ni nini kwako? Ni kwamba huenda katika wilaya yako tayari liko shirika la wasaidizi wa kisheria. Badala ya kuanzisha lenu, ulizeni kwanza. Pengine mnachohitaji ni kupeleka watu wenu wawili wakafundishwe.

Uko pia mfuko wa Foundation for Civil Society, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umetoa ruzuku kwa mashirika ya wananchi, makubwa na madogo. Balozi za nchi za nje nazo hutoa matangazo mara kwa mara. Kila mfuko una wakati wake na mambo yake unayoyataka. Leo tangazo litasema watoto, mwakani litasema ardhi. Someni tangazo mpaka mwisho. Wako watu walioomba fedha ya zahanati kwa mfuko unaosaidia sheria, kisha wakalalamika kwamba wamebaguliwa.

Jambo moja muhimu. Mfadhili wa kweli hauzi fomu. Mtu akija kijijini na koti na mkoba, akasema kila mwanachama atoe shilingi elfu kumi ya "kupitisha" maombi ng'ambo, mshikeni mpeleke kwa Mtendaji wa Kijiji.

DAFTARI

Sasa tuje kwenye jambo kubwa la mazungumzo yetu. Mwenye fedha akikaa na maombi mia mezani, anachagua namna gani? Hawajui ninyi. Hajafika kijijini kwenu. Hajui kwamba katibu wenu ni mwaminifu na kwamba mwenyekiti hanywi pombe. Anajua yale tu mliyoyaandika.

Kwa hiyo kikundi kinachoandika humshinda kikundi kinachosema. Na hapa ndipo wewe, uliyejifunza kusoma na kuandika, unapokuwa mtu muhimu sana katika kikundi. Huhitaji Kiingereza. Huhitaji kompyuta siku ya kwanza. Unahitaji daftari la kurasa mia na kalamu.

Msaidizi wa kisheria huandika kila shauri. Tuchukue mfano wa kubuni:

"Tarehe 4. Mama, mjane. Amefungiwa chumba na shemeji. Nimemweleza juu ya mirathi. Ameelekezwa Mahakama ya Mwanzo. Tarehe 18 amerudi na barua ya mahakama. Shemeji amefungua chumba."

Mistari michache. Haina maneno makubwa. Lakini inaonyesha kulikuwa na tatizo gani, msaidizi alifanya nini na ikawaje. Jina la mama huyo halipo. Jina linaandikwa kwenye daftari la pili, linalofungiwa kabatini. Siri ya mtu isitembee sokoni wala kisimani.

Baada ya miezi sita hesabu mashauri. Tuseme wamekuja watu 64. Wa ardhi 21, wa ndoa 18, wa mirathi 14, wa madai ya fedha 11. Jumlisha, utaona inatimia 64. Hapo unaweza kumwambia mwenye fedha: "Katika kata yetu tatizo la kwanza ni ardhi, na watu hawa tumewasaidia kabla hatujapata senti tano ya mtu." Maombi ya namna hiyo husomwa. Yale yanayoanza na "sisi ni maskini sana, tunaomba mtufikirie" huwekwa pembeni, kwa sababu kila mtu ameandika hivyo.

ANDIKO LA MRADI

Wataalamu wana jina lao: andiko la mradi. Usiliogope jina hilo. Ni barua ndefu tu. Inaeleza tatizo mlilonalo, mtu gani anaumia, mtafanya nini, nani atafanya, kwa muda gani, kwa fedha kiasi gani, na mtajuaje kwamba mmefaulu.

Sehemu inayowaangusha wengi ni fedha. Mtu anaandika "nauli, milioni mbili", basi. Milioni mbili za nauli ya kwenda wapi? Tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Tuseme mna wasaidizi 6. Kila mmoja anazungukia vitongoji siku 2 kwa wiki. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000. Sita mara mbili ni safari 12. Safari 12 mara 2,000 ni shilingi 24,000 kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Kwa hiyo nauli ya mwaka ni shilingi 1,248,000. Ongeza madaftari na kalamu, 180,000. Ongeza kabati lenye kufuli, 450,000. Ongeza vocha za simu, 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Ongeza chakula cha semina: watu 16, siku 3, shilingi 5,000 kila mtu kwa siku, jumla 240,000. Zote pamoja ni shilingi 2,238,000.

Umeona? Kila shilingi ina kazi yake. Mwenye fedha akiuliza, mna jibu. Tena wekeni na mchango wenu: chumba mlichopewa na serikali ya kijiji, matofali mliyofyatua, siku za kazi mtakazojitolea. Thamani yake iandikwe. Mwenye fedha anataka kuona kwamba mmeweka jasho lenu.

Msiongeze hesabu ili "wakipunguza ibaki ya kutosha". Wanaozisoma karatasi hizo wanajua bei ya kalamu.

USAJILI

Kikundi kisichoandikishwa hakipewi fedha. Kikundi kidogo cha wananchi huandikishwa kwenye halmashauri, kwa kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Ni yuleyule ambaye wazee wetu walimwita Bwana Maendeleo au Bibi Maendeleo. Shirika lisilo la kiserikali huandikishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Na kama kazi yenu ni kutoa msaada wa kisheria, lazima muandikishwe pia kwa Msajili wa Msaada wa Kisheria, aliye chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Msitoe msaada huo kwanza na kujiandikisha baadaye. Sheria hairuhusu.

Mtatakiwa kuwa na katiba ya kikundi. Msinunue katiba ya kikundi kingine na kubadili jina juu, kama wengine wanavyofanya. Siku mkigombana juu ya fedha, katiba ndiyo itakayowaamua, nanyi mtakuta imeandika mambo ya wafuga nyuki. Kaeni siku mbili, muandike yenu: nani ni mwanachama, viongozi wanachaguliwaje na kwa muda gani, anayeiba anafanywa nini. Halafu fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Watu watatu waweke saini, na fedha isitoke bila wawili kati yao.

FEDHA INAPOFIKA

Hapa ndipo vikundi vingi hufa, ndugu msomaji. Siyo wakati wa njaa. Ni wakati wa shibe. Kikundi kilichofanya kazi miaka mitatu bila senti hupata ruzuku mwezi wa kwanza, mwezi wa pili mwenyekiti na katibu hawasalimiani.

Dawa ya kwanza ni uwazi. Siku fedha ikiingia, itisheni mkutano. Semeni kiasi gani kimeingia. Bandikeni karatasi kwenye mbao za matangazo za kijiji. Maneno ya chinichini hayakui mahali ambapo kila mtu anajua hesabu.

Dawa ya pili ni kutenganisha kazi. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika daftari la fedha. Huyu anatoa, yule anaandika, na kila mwezi watu wawili wasio viongozi wanakagua. Kila matumizi yawe na stakabadhi, yaani risiti. Dereva wa bodaboda hana risiti? Mwandikieni karatasi yenye tarehe, safari na kiasi, aweke saini au dole gumba.

Serikali nayo inataka kujua. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yasiyo ya kiserikali yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 yatangaze fedha hizo na kupeleka mkataba kwa wahusika. Kikundi chenu huenda kisifike huko. Lakini kikizoea kuandika shilingi elfu mbili ya nauli, siku ya milioni ishirini hakitatetemeka.

FEDHA INAPOKWISHA

Ruzuku ina mwisho. Mwaka mmoja, miwili, mitatu, halafu basi. Wakati mwingine hukatika hata kabla ya siku yake. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilifungwa. Miradi mingi iliyotegemea fedha hiyo, hata hapa Tanzania, ilisimama. Wafanyakazi waliambiwa warudi nyumbani. Hakuna aliyekosea hesabu kijijini. Uamuzi ulifanywa mbali.

Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, jiulizeni: fedha ikikatika kesho, kitabaki nini? Kama mlipanga ofisi mjini kwa kodi ya kila mwezi, hakitabaki kitu. Kama mlinunua kabati, mkafundisha watu wanaoishi hapohapo, mkapewa chumba katika ofisi ya kata, vitabaki kabati, watu na chumba. Muuza vitunguu aliyejifunza sheria ya mirathi hawezi kunyang'anywa ujuzi huo na mfadhili. Kesho asubuhi atakuwa mezani kwake, na mwenye tatizo atamwona.

Vikundi vingine vya wasaidizi huanzisha VICOBA pembeni. Wanachama wananunua hisa, wanakopeshana, na sehemu ndogo ya faida inakwenda kwenye nauli. Si fedha nyingi. Lakini inatosha kumpeleka mjane mmoja Mahakama ya Mwanzo na kumrudisha. Yako pia mambo ambayo kikundi hakitakiwi kuyabeba peke yake. Mtoto akipigwa au kubakwa, hilo ni la polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, la hospitali, na la Afisa Ustawi wa Jamii. Hao wanalipwa na serikali kwa kazi hiyo. Msaidizi anamsindikiza mwenye shida mpaka hapo, bila kukawia na bila kusuluhisha. Kosa la kubaka halisuluhishwi kwa mbuzi wala kwa shilingi.

Kama kijijini kwenu wako watu watano au kumi wenye moyo wa kazi hii, anzeni kwa kuonana na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mwulizeni mambo matatu. Katika wilaya yetu liko shirika la wasaidizi wa kisheria lililoandikishwa? Mafunzo yao yanaanza lini? Kikundi chetu kinaweza kuandikishwa kwa masharti gani? Mkienda, nendeni na daftari, na majibu yake myaandike humo humo mbele yake, pamoja na tarehe.